Ukuta wa Majina ya Uyoga

Sokoni kila mtu aliuza, lakini Mama Pacha alikuwa akitambulisha. Mteja akisimama mbele ya meza yake, hata kabla hajauliza bei, alipitishwa kutoka fungu hadi fungu kama bwana harusi anayeonyeshwa wakwe.

"Huyu wa manjano anaota chini ya miti mikubwa. Mnuse. Si unasikia harufu ya tunda lililoiva? Kwetu milimani anaitwa kiini cha yai. Bondeni kwa mume wangu wanamwita mtoto wa jua. Huyu mweusi laini ni sikio. Kila lugha ninayoijua inamwita sikio, ila hawakubaliani ni sikio la nani. Sisi tunasema la panya, bondeni wanasema la bibi kizee. Na huyu mkubwa mweupe, mwenye chuchu katikati ya kofia, ndiye mfalme. Huyu ni tuve. Anatoka kwenye kichuguu, baba, na mzizi wake unashuka mpaka chumbani kwa mchwa. Ukimla huyu, nyama utaiona kama kuni."

Pacha wenyewe walikwisha kuolewa, kila mmoja na mji wake, lakini jina lilibaki kwa mama yao. Alikuwa mwanamke wa mabega mapana na sauti ya kusikika mpaka safu ya viatu. Meza yake aliitandika kitambaa cheupe alichokifua kila jioni, na wenzake walimtania kwamba uyoga wake unalala pazuri kuliko wao. Hakujali.

"Nyanya mbovu utaitupa," alisema. "Uyoga mbovu utakutupa wewe. Sasa ukinikuta mchafu, utaniamini vipi?"

Meza iliyomfuatia upande wa kushoto ilikuwa ya Mama Chumvi, mtu wa upande wa msituni. Huyu aliuza uyoga mkavu, mwingine ameutunga kwenye uzi kama shanga, mwingine ameusaga na chumvi. Jina alilipata kwa bidhaa hiyo, ingawa waliomfahamu walisema chumvi yenyewe ilikuwa ulimini. Meza zile mbili zilikaribiana kiasi kwamba vitambaa vyake viligusana, lakini wenyewe hawakuamkiana. Chanzo kilikuwa kicheko. Siku Mama Pacha alipoanza biashara pale, alisimama na kunadi kwa sauti yake yote, "Tuve! Tuve tamu! Tuve ya leo!" Mama Chumvi akacheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa pindo la kanga, wala hakusema anacheka nini. Mama Pacha akaona amedharauliwa mbele za watu. Tangu hapo kila mmoja alimtazama mwenzake kama ukuta.

Mwaka ule mvua zilipoanza, uyoga ulitoka kwa wingi ambao haukuwa umeonekana muda mrefu. Mke wa fundi mwashi, mwanamke kijana kutoka milimani kama Mama Pacha, alikuja akanunua tuve, akaondoka akiimba. Wiki ile haikuisha vizuri. Asubuhi moja habari ziliingia sokoni na muuza maziwa: fundi mwashi, mkewe na mama yake wamelazwa, wametapika mpaka wameishiwa nguvu.

"Wamekula nini?"

"Mke mwenyewe kasema tuve."

Basi. Ikawa haina haja ya kuuliza zaidi, maana soko zima lilijua ni nani anayenadi neno hilo. Vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine, kama ng'ombe waliosikia hatua.

Mwenyekiti wa soko alifika kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusafisha koo kabla ya kusema jambo baya, na siku hiyo alisafisha koo muda mrefu.

"Mama Pacha, mimi mwenyewe nakula uyoga wako, na mke wangu akichelewa kununua namkumbusha. Lakini watu wako kitandani. Kuanzia sasa uyoga wote wa porini utoke mezani, safu nzima, mpaka tujue."

"Safu nzima kwa lipi?" wanawake walipiga kelele. "Sisi tumemlisha nani?"

Mama Chumvi, akikusanya nyuzi zake, alifungua mdomo kwa mara ya kwanza kuelekea upande wa kulia. "Samaki mmoja akioza," alisema, na sehemu iliyobaki ya methali akawaachia wenzake waimalizie.

Mama Pacha alikunja kitambaa chake cheupe, pembe kwa pembe, bila haraka, akakiweka juu ya kikapu, akatoka amenyoosha shingo. Waliomwona wakipishana naye mlangoni walisema kama alikuwa analia, basi machozi yake yanateremkia ndani.

Nyumbani, mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alivua miwani yake myeusi, akasimama katikati ya uwanja na geti la mtu limeegemea begani. Ni mama mkwe aliyesema. Bibi huyu aliishi nao, na hakuwa na maneno laini kwa mtu yeyote, hata kwa kuku.

"Uliwauzia uyoga mbovu?"

"Hapana, mama."

"Una hakika?"

"Niliushika mmoja mmoja kwa mkono huu. Wote ulikuwa na mzizi."

"Sasa mbona umekaa kama mwizi aliyeshikwa? Mwenye kosa ndiye anayejificha. Wewe vaa nguo yako nzuri, chukua uji, nenda ukawatazame wagonjwa. Na usiende kwa kunyata. Nenda watu wakuone."

Basi alivaa gauni lake la buluu la sherehe, akabeba chupa ya uji, akapita katikati ya mtaa mchana kweupe. Wodini alimkuta fundi mwashi amelala na mpira wa maji mkononi, mashavu yamebonyea, mikono yake mikubwa ya saruji imetulia juu ya shuka kama vitu alivyoazimwa. Mama yake alikuwa amelala usingizi. Mkewe, ambaye alikula kidogo kuliko wote, alikuwa ameketi. Alipomwona Mama Pacha tu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mama! Nimesikia wamekufungia meza. Nimemwambia nesi, nimemwambia kila mtu, hakuna anayenisikiliza! Si zako!"

Alikuwa akisema kwa lugha ya milimani, haraka haraka, na hapo wodini hakuna mwingine aliyeielewa.

"Tulia mwanangu. Sema polepole. Si zangu vipi?"

"Zako tulizimaliza siku ile ile, mpaka sufuria tukaipangusa. Hatukuumwa hata kichwa. Mume wangu akawa anaziota. Sasa juzi nikawa bombani nachota maji, namwambia jirani yangu, mke wa dereva, kwamba natafuta tuve mpaka nimechoka. Akanishangaa. Akasema, tuve? Tuve si zimejaa hapo kwenye nyasi nyuma ya ghala la saruji! Nikadhani Mungu kanikumbuka. Nikaenda, nikazikuta kweli, nyeupe, kubwa kuliko zako. Nikajaza beseni."

"Huyo jirani ni mtu wa wapi?"

"Wa msituni."

Mama Pacha alimimina uji kikombeni, akampa, akangoja mpaka akaumaliza. Kisha akatoka, akaenda moja kwa moja nyuma ya ghala la saruji na gauni lake la sherehe.

Alizikuta. Zilisimama juu ya nyasi zimefanya duara, kama watu walioitwa mkutano, kofia nyeupe pana kama sahani, zenye magamba ya kahawia juu. Kwa mbali hata yeye moyo ulimruka. Lakini alipochuchumaa na kuuvuta mmoja, ulitoka mara moja, bila ubishi. Hakukuwa na mzizi wa kushuka popote. Shingoni ulikuwa na pete, na alipoigusa pete ile ikapanda na kushuka mguuni kama bangili. Tuve ya kwao haikuwa na bangili.

Hapo ndipo alipogundua jambo lililomkalisha chini. Uyoga ule haukuwa na jina kwa lugha yake. Milimani hakuna nyanda za nyasi kama zile, kwa hiyo haukuota huko, na kitu ambacho bibi zako hawakukiona hawakukupa neno la kukikimbia. Mke wa fundi mwashi alikuwa ametazama kitu kisicho na jina, na jirani akamsaidia kwa kumpa jina zuri kuliko yote.

Lakini kwa nini jirani aliuita tuve? Mtu wa kumweleza alikuwa mmoja tu aliyemjua.

Mama Chumvi aliishi kwenye chumba cha mwisho cha nyumba ndefu ya kupanga, mlango wa kijani. Alikuwa barazani, amezungukwa na nyuzi za uyoga asizoruhusiwa kuziuza.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Wa meza ya kulia."

Kigoda kikasukumwa kwa mguu mpaka mbele ya mgeni, na Mama Pacha akakikalia. Alifungua gazeti alilobeba, akauweka uyoga ule chini kati yao.

"Nimekuja kukuuliza neno moja tu. Huu kwenu mnauitaje?"

Mama Chumvi hakuinama hata kuutazama vizuri. "Huo ni tuve."

"Rudia."

"Tuve. Mwavuli wa chura. Haufai kitu, hata mbuzi anaupita. Kwetu mtoto mvivu akishindikana, mama yake anamwambia, wewe ni tuve." Mdomo ukamcheza. "Sasa siku ile umesimama sokoni, mtu mzima na kitambaa cheupe, unapiga kelele, tuve tamu, tuve ya leo! Dada yangu, ungekuwa mimi usingecheka?"

Mama Pacha alijizuia, akashindwa. Alicheka kwa pumzi ya pua kwanza, halafu kwa bega, halafu wote wawili walikuwa wameshikilia mbavu, na majirani wakachungulia milangoni. Kicheko kilipokatika, kilikatika ghafla.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza? Ulikuwa umenuna kabla sijafuta machozi." Mama Chumvi alishusha sauti. "Kwa hiyo fundi mwashi amekula huu?"

"Amekula huu. Mkewe ameomba tuve kwa lugha yangu, akaonyeshwa tuve kwa lugha yako. Hakuna aliyemdanganya mwenzake."

"Mungu wangu." Mama Chumvi alisimama, akatafuta kanga yake. "Twende. Mimi nilitamka lile neno la samaki mbele za watu, nitalimeza mbele za watu."

Afisa wa afya alikuwa na ofisi kwenye kona ya soko, chumba chenye mizani, ndoo ya maji na dirisha lisilofungwa vizuri. Alikuwa msichana mwenye nywele fupi na mabuti ya mpira. Wanawake wa safu ile walimwogopa, maana alikuwa mkali wa usafi. Aliwasikiliza wote wawili wakisema kwa pamoja, akauchukua uyoga, akaugeuza, na macho yakamng'aa.

"Huu nimeusoma chuoni kwa picha tu," alisema. "Mniletee na ule wa kichuguu."

Alizikata kofia mbili, moja ya kila uyoga, akazilaza juu ya karatasi nyeupe, akazifunika bakuli. "Njooni asubuhi. Hizi zitatuachia vumbi lake, na vumbi halijui lugha ya mtu."

Asubuhi walifika kabla ofisi haijafunguliwa. Afisa alifunua bakuli la kwanza: tuve ya milimani ilikuwa imeacha vumbi jepesi la rangi ya waridi, kama poda ya shavuni. Alifunua la pili. Vumbi lilikuwa la kijani, kijani cha ukuta uliolowa.

"Lo!" alisema Mama Chumvi. "Nimeukwepa huu maisha yangu yote, wala sikujua una siri ya kijani."

"Na mimi sikujua kuhusu mzizi na kichuguu," alisema afisa, akiandika. "Kitabu chetu kilianzia kwenye kofia." Akaandika na jina refu la kitaalamu, akalisoma kwa sauti.

"Hilo ni la lugha gani?" aliuliza Mama Chumvi.

"Lugha ya zamani sana. Siku hizi haina wenyewe."

"Basi hilo zuri. Halina wa kuligombania."

Mwenyekiti alipoitwa alisafisha koo mara moja tu, fupi, akasema soko limesafishika na Mama Pacha amesafishika. Mama Chumvi, kama alivyoahidi, alisimama katikati ya safu akasema, "Samaki niliyemtaja hakuoza. Nilioza mimi mdomo." Watu walipiga makofi, na ingekuwa ni watu wengine wangetandika meza zao siku hiyo hiyo.

Mama Pacha ndiye aliyekataa.

"Tukifungua leo hivi hivi," alisema, "kesho kutwa mwingine atasimama bombani na kuomba tuve. Sisi tumetoka sehemu mbalimbali, tunaokota msitu mmoja, na kila mtu ana neno lake mdomoni. Mpaka tukae tuyamwage maneno yote chini, mimi kitambaa changu hakitandikwi."

Afisa akaunga mkono: kila uyoga ujulikane kwa sura na kwa kila jina, na kila asubuhi pawe na meza ya ukaguzi ambapo mwenye kikapu anakifungua mbele ya wenzake kabla ya kuuza. Mwenyekiti aliwatazama wanawake wale kwa huruma.

"Nyinyi? Ambao mmeshindwa kukubaliana pa kumwaga maji machafu?"

Walikaa kwenye ukumbi mdogo wa soko, kila mmoja na kikapu chake mapajani. Ilikuwa kelele tangu mwanzo. Ule wa kwenye magogo, unaopandana kama vigae, mmoja aliuita sikio la tembo na mwingine akaapa kwamba sikio la tembo ni mwingine kabisa. Ule unaotoa maziwa ukivunjwa ulipata majina mengi kuliko mtoto wa kifalme, na mwanamke mmoja wa kando ya mto aligoma kutaja jina la kwao kwa sababu, alisema, mbele ya mwenyekiti halitamkiki. Walipombembeleza akamnong'oneza Mama Chumvi, na Mama Chumvi akainama kwa kicheko mpaka kikapu kikamwagika. Jina likaandikwa, na mwenyekiti hakuambiwa maana yake.

Katikati ya vurumai hiyo muuzaji mmoja alichoka. "Tufute yote haya. Tuuite uyoga mweupe, uyoga mweusi, uyoga wa manjano, tumalize, twende tukapike."

"Mweupe upi?" aliuliza Mama Pacha. "Mfalme wangu ni mweupe, na huyu aliyelaza watu ni mweupe. Na tukifuta majina yetu, mama yangu akishuka kutoka milimani atanunuaje? Atasimama sokoni kwetu kama bubu. Hapana. Majina yote yakae. Kila mtu akija alikute lake."

Hilo likapita. Kilichobaki kilikuwa kile walichokuwa wanakizunguka tangu asubuhi. Tuve iandikwe wapi? Chini ya picha ya uyoga mzuri, au chini ya picha ya ule mbaya?

Mama Pacha alitazama mikono yake. Neno lile alilipata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Alilijua kabla ya kujua kuhesabu. Alipokwenda kuolewa bondeni, ambako kila kitu kilikuwa na jina geni, lilikuwa mojawapo ya vitu vichache alivyofika navyo bila kuviweka kwenye sanduku.

"Isiandikwe kwa mzuri," alisema hatimaye, na sauti yake ya safu ya viatu ilikuwa ndogo. "Mtu wa msituni akiliona hapo, atadhani ule mbaya unalika. Andikeni majina mengine. Langu liacheni."

"Ngoja kwanza," alisema Mama Chumvi, akasimama. "Ukilitoa lako, natoa na langu. Chini ya mbaya andikeni mwavuli wa chura, hilo kwetu pia tunalisema. Lakini neno lenyewe haliwezi kufukuzwa na sisi wakati wenyewe bado wanalisema bombani. Liandikwe juu kabisa, peke yake, kubwa kuliko yote. Ukisikia tuve, uliza kwanza ya wapi."

Afisa wa afya aliacha kuandika. "Hiyo," alisema, "hiyo nitaipeleka mpaka wilayani."

Fundi mwashi alitoka hospitali akiwa mwepesi kama gunia tupu, na mama yake akamfuata baada ya muda, akilalamika kwamba chakula cha huko hakikuwa na chumvi. Fundi aliposikia kwamba wanatafuta ubao wa kuandikia, alikuja sokoni na mwiko wake.

"Ubao unaoza," alisema. "Mimi nawajengea ukuta."

"Wewe bado mgonjwa," alisema Mama Pacha.

"Mama, tumbo langu limekwisha kuchangia kazi hii. Acheni na mikono ichangie."

Aliujenga mwanzoni mwa safu, ukuta wa kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, akaupiga lipu laini kiasi kwamba watu walipita wakiupapasa. Mkewe ndiye aliyemchotea maji, na jirani yake, mke wa dereva, ndiye aliyechekecha mchanga. Huyu alikuwa amelia siku nyingi kwa kidole chake kilichoonyesha nyuma ya ghala. Mke wa fundi mwashi alikuwa amemwendea mwenyewe, akamwambia, "Uliniambia kweli ya kwenu. Njoo tufanye kazi."

Mchora mabango aliletwa na ngazi yake na makopo ya rangi. Alikuwa bingwa, lakini bingwa wa saluni na maduka ya simu, na picha yake ya kwanza ya mfalme ilikuwa nzuri kama keki, imekatwa mguu chini sawasawa.

"Mzizi uko wapi?" aliuliza Mama Pacha.

"Mzizi unaharibu picha, mama. Mrefu, mchafu, unaning'inia tu."

"Mwanangu, huo unaoning'inia ndio uzima wa mtu. Yule mbaya hana. Futa."

"Nimeshamaliza kivuli!"

"Futa na kivuli."

Akafuta. Alipochora upya, alichora na kichuguu, na mzizi ukishuka ndani yake kama kamba ya kisima, na mchwa wadogo chini kabisa. Alipoteremka kwenye ngazi alisimama mbali, akapiga picha kazi yake kwa simu, na jioni ile aliwaonyesha watu njiani bila kuulizwa.

Siku ya kufungua, mwenyekiti aliombwa ayasome majina. Alijikwaa kwenye lugha ya milimani, akaanguka kabisa kwenye ya msituni, na alipolisoma kwa sauti kubwa lile la kando ya mto, wanawake walipiga vigelegele ambavyo hakuvielewa, akadhani anashangiliwa usomaji wake, akalirudia.

Mama mkwe alikuja pia, akishikiliwa na mwanawe. Hakujua kusoma. Fundi wa kuchomelea alimsogeza karibu, akauchukua mkono wake, akauweka juu ya neno lililoandikwa kando ya ule wa manjano. "Mtoto wa jua," alimsomea.

"Hilo letu," alisema bibi. "La bondeni. Nani amewapa?"

"Mke wangu."

Bibi aliviacha vidole vyake hapo kwa muda. Kisha akageuka, akamtafuta Mama Pacha kwa macho mpaka akampata nyuma ya meza yake, kitambaa kimetandikwa, uyoga umepangwa. Akamwelekeza fimbo mbele ya umati wote.

"Mnamwona yule?" alisema kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anayo. "Yule ni wangu. Ameolewa kwangu."

Mama Pacha alijifanya anapanga masikio ya panya, ambayo yalikuwa yamekwisha kupangika.

Habari za ukuta zilienda mbali kuliko walivyotegemea. Watu wa masoko mengine walikuja kuutazama, wakaunakili. Walimu walileta madarasa yao. Mama Chumvi alijipa kazi ya kuwaeleza wageni, na ikabidi Mama Pacha amkumbushe mara kwa mara kwamba na yeye ana mdomo. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, vikapu vilifunguliwa kwenye meza ya ukaguzi, na afisa wa afya akasimama na mabuti yake akijifunza majina, akiyakosea, akirekebishwa.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, alfajiri moja mwanamke ambaye hawakumfahamu alisimama mbele ya ukuta na kikapu kilichofunikwa jani. Alikuwa ametoka mbali, ilionekana kwa vumbi la miguuni. Aliusoma ukuta wote, kuanzia juu, neno kwa neno, midomo ikimcheza. Alipomaliza alirudi kwenye picha ya mfalme, akaipiga kwa kiganja.

"La kwetu halipo," alisema.

Safu nzima ilimgeukia. Mama Pacha alizunguka meza yake, akafuta mikono. "Kwenu mnamwitaje?"

Mwanamke akalitaja. Lilikuwa neno lenye sauti katikati ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuitoa. Mama Chumvi akalijaribu, akakohoa. Afisa wa afya akalijaribu, mgeni akatikisa kichwa. Mtu akatumwa kumwita mchora mabango. Mama Pacha akalijaribu, akaambiwa bado. Akalijaribu tena, ulimi ukikwama kama mlango uliovimba kwa mvua, akaambiwa karibu. Alivuta pumzi, akamtazama mgeni mdomoni, akalisema tena.

"Sasa hapo umelisema," alisema mwanamke yule, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Akakiweka kikapu chake kwenye meza ya ukaguzi, akaondoa jani.